Sahihi ya Marehemu Kaka

Haya yalimkuta rafiki yangu, mkutubi asiyeogopa kivuli chake. Mama yake alimtuma atafute kwenye baruapepe picha ya marehemu kaka yake, ikatiwe fremu. Kaka huyo, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemfundisha kufunga barua kwa ufunguo wa siri na kuzitia sahihi ya kidijitali, ambayo haitoki bila ufunguo wa mwenyewe. Ufunguo wake mwenyewe ulikuwa kwenye flashi moja tu, na walimzika nayo.

Usiku ule mvua ilimwagika, umeme ukakatika, chumba kikawa giza totoro. Kompyuta iliendelea kwa betri na intaneti ya simu. Ghafla ikalia: barua mpya.

"Picha ya nini, dada?"

Ilitoka kwa kaka. Chini yake iliandikwa: sahihi ni halali.

"Wahuni tu hawa," alijisemea. Akajibu kwa barua iliyofungwa, ambayo ufunguo wa kaka peke yake ndio ungeifungua: "Kama ni wewe, niambie neno langu la mwisho kwako hospitalini."

Akangoja, akisikiliza mvua juu ya bati. Kompyuta ikalia tena.

"Hukusema neno. Ulinishika mguu tu."

Sahihi ni halali.

Hapo mama akaita kutoka sebuleni: "We mwanangu, unachapa nini kwa fujo hivyo chumbani kwa kaka yako?"

Rafiki yangu alikuwa chumbani kwake mwenyewe, mikono yote miwili mdomoni. Nyuma ya ukuta, katika chumba cha kaka walimokwisha kuhamisha vyombo vyote, hata meza, naye akasikia vitufe vikibonyezwa gizani.