Kitita Kilichorudi Langoni

Wageni walikuwa wamefika langoni, wanarudi Kianjai. Mzee Kaimenyi, baba mdogo wa Kiogora, alikuwa na kitita cha miraa kwapani. Ndicho walicholeta asubuhi kumposea Kiogora binti wa boma hilo, Joyline. Kitita kikirudi, posa imekufa.

Sababu ilikuwa mama wa Joyline, Ciakuthii. Jamaa zake walikuwa wamemficha jikoni. Lakini Kaimenyi alienda huko kuwasha sigara, akamkuta akishika ukuta ili atembee. Aliambiwa ni ugonjwa wa MS: kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Akasema damu hiyo haitaingia ukoo wake.

Ciakuthii alitoka na fimbo. Alianguka katikati ya boma, akakataa kuinuliwa, akainuka mwenyewe. Akaziba lango.

"Leo mmenificha," aliwaambia watu wake. "Ni mara ya mwisho. Na wewe mzee, msikize Jawahir kwanza."

Jawahir alikuwa nesi wa Meru mjini, aliyemhudumia Ciakuthii miaka minne, na siku hiyo alikuwepo bomani. Alieleza kwamba MS haiambukizi, wala si laana.

"Lakini ni ya damu," Kaimenyi alisema.

"Kidogo, sikufichi. Kuna jeni nyingi, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Wengi wanazo na hawaugui kamwe. Ugonjwa huja mambo mengine yakiongezeka: virusi fulani, upungufu wa vitamini D, sigara."

Watu walitazama sigara ya mzee. Akaishusha.

"Na huyu msichana?"

"Chipukizi la mgomba hutoka kama mama yake. Mtoto si mgomba. Katika watoto mia wa wagonjwa, wawili au watatu hivi ndio huugua. Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui."

"Na nikiwa kati ya hao watatu," Joyline alisema, "nitatibiwa mapema. Jikoni sitafichwa."

Kiogora alichomoa kitita kwapani mwa baba yake mdogo, akampa Ciakuthii kwa mikono miwili.

Walioana Agosti mwaka huo. Kaimenyi hakuja harusini. Sigara ameacha, na hasemi kwa nini. Jawahir alihamishiwa Maua. Ciakuthii anatumia dawa zake, sasa anatembea kwa fimbo mbili, na wageni huwapokea sebuleni. Joyline na Kiogora wana binti wa miaka miwili. Ni mzima. Wanazijua dalili, na mtoto anaitwa Ciakuthii.