Wale wa Ng'ambo ya Korongo

Haya yalimpata jirani yangu Lorna Haskett, na nusu yake niliiona kwa macho yangu.

Kila majira ya baridi sisi wastaafu huikimbia theluji ya Minnesota na kwenda kuegesha nyumba zetu za magurudumu kwenye jangwa la Arizona. Lorna na mumewe Wendell, fundi wa reli wa zamani, walikaa hatua hamsini kutoka kwangu. Maisha yao yalikuwa mepesi. Asubuhi walitazama ndege kwa darubini. Saa tisa alasiri walitandaza turubai la kivuli, wakamimina chai ya barafu, wakacheza dhumna. Wendell aliiba katika kila mchezo, na Lorna alimkamata kila mara.

"Miaka arobaini na moja unaniibia, mzee wewe."

"Na bado unakaa kucheza. Nani mjinga hapo?"

Alasiri moja ya Februari, ng'ambo ya korongo, lilionekana gari kama lao: jeupe, lenye mstari wa kahawia. Watu wawili walikuwa wamekaa chini ya turubai.

"Wamefika lini hawa?" Wendell aliuliza. "Sijasikia injini."

Akawapungia mkono. Yule mwanamume naye akapunga, papo hapo, kama aliyekuwa akingoja.

Lorna alichukua darubini. Walikuwa wakicheza dhumna. Kisha yule mwanamke akainua darubini yake, akamwelekezea. Lorna aliishusha ya kwake kwa aibu. Yule mwingine hakushusha. Aliishikilia mpaka jua likazama.

Siku ya tatu Lorna aliniita nitazame. Niliwaona vizuri. Kati yao palikuwa na kiti cha tatu, kitupu, kimegeuziwa upande wetu.

"Wametukaribisha," Wendell alisema. Akaweka biskuti kwenye sahani.

"Usiende," Lorna alimnong'oneza.

"Dakika kumi tu, mama. Nitarudi na majina yao."

Alishuka korongoni. Nilirudi kwangu kuepua sufuria jikoni, kwa hiyo yaliyofuata nayajua kwa mdomo wa Lorna. Alimwona mumewe akipanda upande wa pili, akikaa kwenye kile kiti. Kisha wote watatu wakainua mikono kumwelekea yeye. Kwa pamoja.

Alishusha darubini kufuta macho. Alipoiinua tena, gari halikuwepo. Hata vumbi halikuwepo. Palikuwa na Wendell tu, akirudi na sahani yake.

"Ni watu gani wale?" Lorna alimuuliza.

"Watu gani?"

Akakaa. Akapanga dhumna. Akacheza kwa haki mpaka mwisho.

Wiki nzima hakuiba hata mara moja. Siku ya nane Lorna alikuja kwangu, akafunga mlango.

"Peggy, yule si Wendell."

"Amechoka tu, shoga."

"Nimemuuliza jina la mbwa wetu wa kwanza. Amelitaja."

"Basi, si unaona?"

"Wendell hajawahi kulikumbuka jina hilo. Huyu amelitaja kabla sijamaliza kuuliza."

Daktari wa mjini alimpima yule aliyerudi, akasema ni mzima kuliko umri wake. Polisi je? Angewaambia nini? Kwamba mumewe amepotea, na amekaa pale nje anamngoja wacheze?

Lorna akaacha kula. Akaacha darubini na ndege. Lakini kila saa tisa yule aliita jina lake kwa upole, naye alitoka na kukaa.

Aprili joto lilipoanza kuuma, wote tulifunga mizigo. Nilimwomba aondoke nami, amwache yule pale pale.

"Siwezi," alisema. "Wendell akirudi, asinikute?"

"Utabaki naye huyo?"

"Nitabaki."

Alizungumza kama mtu anayesomewa hukumu na hana rufaa. Nilimkumbatia. Alikuwa mifupa mitupu. Nyuma yake, yule alikuwa ameshapanga dhumna.

Kabla ya kuwasha gari nilivuka korongo, mchana kweupe. Nilikuta alama za magurudumu, zimezama chini sana mchangani. Hapakuwa na alama za gari kuingia wala kutoka. Nyayo za Wendell zilipanda kutoka korongoni, hatua kwa hatua, hadi palipokuwa na kiti cha tatu. Za kurudi sikuziona. Kutoka hapo ilianza mifereji miwili myembamba, ya visigino vilivyoburuzwa, ikaishia pale ambapo mlango wa gari ungekuwa.

Tangu Februari mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Kingo za mifereji ile zilikuwa bado zinamomonyoka mchanga, kana kwamba imechimbwa saa ile ile.