Vifaranga Wenye Migongo Iliyopinda

Kila asubuhi, hata kabla ya chai, Mama Pacha huingia kwenye banda la kuangulia samaki. Hunusa maji ya matangi, kisha huchota vichanga wachache kwa bakuli jeupe na kuwatazama. Yeye na mumewe huzalisha vifaranga wa perege na kuwauzia wafugaji. Mumewe huitwa Mzee Perege, na jina hilo humvimbisha kichwa kweli kweli.

Asubuhi moja Mama Pacha aliita, "Baba Pacha! Njoo uone."

Ndani ya bakuli, vichanga wengi walikuwa na migongo iliyopinda kama ndoana. Walizunguka palepale, wakashindwa kukifikia chakula.

"Bado wadogo hao," mumewe alisema. "Watanyooka."

"Wale wa mwezi uliopita walinyooka?"

Mzee Perege alijikuna kidevu.

"Namwita mtaalamu wa samaki," mkewe alisema.

"Unataka kuniumbua? Mtaa mzima utasema nauza vilema!"

"Basi tusiuze hata mmoja mpaka tujue tatizo."

Wateja walipokuja, Mama Pacha aliwaambia ukweli pale mlangoni. Wengine waliguna, wakaondoka na ndoo tupu.

Mtaalamu alikuwa dada mcheshi aliyevaa buti za mpira. Alipima joto la maji. Alishika chakula, akakinusa.

"Joto kali hupindisha vichanga," alieleza. "Hata chakula kibovu, au maji yanayowasukuma kwa nguvu. Lakini hapa mko sawa. Wazazi wao mliwatoa wapi?"

Mzee Perege alitunisha kifua. "Hapa hapa! Wote ni ukoo mmoja. Sijawahi kuingiza samaki mgeni."

"Kwa hiyo kaka anazaa na dada, Mzee wangu. Wewe ungekubali kuwaozesha watoto wako hivyo?"

Mama Pacha aliangua kicheko. Mumewe naye alicheka, ingawa kwa shingo upande.

"Ndugu hubeba kasoro zilezile zilizojificha," mtaalamu aliendelea. "Wakizaana, kasoro hizo hukutana na kujitokeza kwa watoto. Majike wako ni wazuri, watunze. Tafuta madume kwenye shamba lisilo na undugu na lako. Wakifika, watenge kwanza, uhakikishe hawana ugonjwa. Na kifaranga mwenye kilema usimuuze, wala usimfanye mzazi."

Jioni Mzee Perege alikaa kando ya bwawa la samaki wazazi. Ukoo ule aliulea kwa mikono yake mwenyewe. Hatimaye aliinuka. "Mama Pacha, hao madume tunawafuata lini?"

Waliwaleta, wakawatenga, kisha wakawachanganya na majike. Vichanga wapya walipoanguliwa, Mama Pacha aliinamia bakuli kwa muda mrefu. Walikuwa wamenyooka, wepesi, wanakimbilia chakula. Mmoja tu alipinda, naye akamtoa.

Wateja walirudi. "Wewe ulituambia ukweli," mmoja alisema, "ndiyo maana tumerudi."

Baadaye mtaalamu aliwaleta wafugaji wengine wajifunze. Mama Pacha alisimama mbele ya matangi, akaeleza jinsi ya kuchagua wazazi wasio ndugu. Aliulizwa maswali mengi, akayajibu yote bila kubabaika.

Nyuma ya wageni, Mzee Perege alimgusa bega mtu aliyekuwa karibu.

"Unamwona huyo anayefundisha?" alisema, tena kwa sauti ya kusikika banda zima. "Huyo ni mke wangu!"