Vidole Viwili Chini

Marehemu alikutwa saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumapili, amelala chali katikati ya banda, miguu juu. Aliitwa Brigedia. Alikuwa kanga dume, mwenye wake ishirini na mmoja, na wote ishirini na mmoja walikuwa wanapiga kelele kwa wakati mmoja.

Inspekta alisimama mlangoni mwa banda akiwa na kalamu, daftari na hasira. Miaka kumi na tisa ya upelelezi. Amefukua maiti, amefukuzia majambazi juu ya mapaa, amepigwa bapa la panga mgongoni. Hajawahi kuzungushia utepe banda la ndege.

Lakini mkuu wa kituo alikuwa amesema neno lake kwenye simu. "Bunduki ni bunduki. Leo kanga, kesho mtu. Kamata, andika, lala."

Mwenye banda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kanga, hakuhitaji kuulizwa.

"Muuaji yuko pale," alisema, akielekeza kidole ukuta wa jirani. "Fundi cherehani. Mwezi wa tatu sasa tangu anunue lile libunduki lake la upepo, kutwa anapiga makopo uani. Nilisema, ipo siku. Siku yenyewe ndiyo hii."

"Ulisikia mlio?"

"Sikusikia kitu. Nilisikia ndege wanapiga kelele, nikawasha taa, nikatoka, nikamkuta baba wa watu hana uhai."

"Usingizi wako ni mzito?"

"Mimi? Paka akipita juu ya bati naamka."

Sajini, mwanamke mnene aliyebakiza miezi minne kustaafu na asiyestaajabu chochote tena, alimnong'oneza mkubwa wake. Bunduki za upepo za zamani, zile za kukunja mtutu, zina springi ndani. Zikipigwa zinalia kama mlango uliobamizwa. Zile mpya zina hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi na kizuia sauti mbele. Zikipigwa, jirani hageuki kitandani. Na katika mji huu, bunduki mpya ilikuwa moja tu.

Mambo yalikuwa mepesi mno. Inspekta alikuwa mtu wa kuogopa mambo mepesi, kwa kuwa mara mbili katika maisha yake yamemletea barua ya onyo.

Daktari wa mifugo alifika kwa baiskeli, akachutama, akamfanyia marehemu uchunguzi juu ya gunia. "Punje moja ya risasi. Imeingia kifuani ikakaa. Kifo cha papo hapo," alisema, akiidondosha ile punje kwenye kiganja cha Sajini. "Hakuteseka."

"Asante Mungu," alisema Mama Kanga, akajifuta macho.

Hapo ndipo Inspekta alipomwona shahidi. Alikuwa kanga mwingine, jike nono, amesimama juu ya tofali mbele ya mahali alipoangukia Brigedia. Hakukimbia walipomsogelea. Hakuweza. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kamba kwenye nguzo.

"Huyu kwa nini kafungwa?"

"Anaumwa mguu," alijibu Mama Kanga, haraka kuliko ilivyohitajika.

Daktari aliushika ule mguu, akaukunja, akaukunjua. "Mguu huu ni mzima kuliko wangu. Ila huku juu ana jeraha." Kijinyama chekundu kinachoning'inia chini ya kidevu cha kanga kilikuwa kimekatwa ncha, na damu yake ilikuwa bado mbichi.

Inspekta alisahau hasira. Alitoka nje ya wavu, akazunguka polepole akitazama ardhi, mpaka akapata alichokuwa anakitafuta: alama ya goti kwenye udongo laini, na alama ya kiwiko juu ya mti wa uzio. Alihesabu kutoka hapo hadi kwa kanga wa kamba. Hatua tano.

*

Fundi cherehani alikuwa mwembamba, mwenye futi kamba shingoni na pini tatu mdomoni. Begi lake lilikuwa limefungwa tayari karibu na mlango. Kando ya begi, ndani ya mfuko alioushona mwenyewe, ilikuwa bunduki.

"Safari?" aliuliza Inspekta.

"Mashindano ya taifa ya shabaha. Basi linaondoka kesho alfajiri." Alitoa pini moja moja mdomoni. "Nimeshona sare za shule mwaka mzima ili niinunue, afande. Mnaichukua?"

Inspekta aliitazama ile bunduki. Alijua vizuri habari za stoo ya kituo. Kielelezo kikiingia mle hutoka kimeota kutu na mwenyewe ameota mvi. Alimhurumia, na hakupenda kumhurumia mshukiwa kabla ya saa tatu.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Shahidi?"

"Ningekuwa na shahidi wa kulala kwangu, afande, mtaa ungeshakwambia."

Sajini alikohoa kicheko. Inspekta akaomba aonyeshwe hiyo mashine, maana kwake yeye bunduki ya upepo ilikuwa kitu cha watoto kupigia embe. Fundi aliitoa mfukoni taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Akamwonyesha mtungi chini ya mtutu, unaojazwa kwa pampu ya mkono mpaka jasho likutoke. Akamwonyesha geji ndogo inayosema hewa imebaki kiasi gani. Akavuta wenzo wa pembeni kwa kidole kimoja, akaweka punje, akamwelekeza atazame kwenye darubini. Mwisho wa ua, hatua thelathini, kulikuwa na kifungo cha shati kimening'inizwa kwa uzi.

"Piga, afande."

Inspekta alipiga. Kilichosikika ni kama mtu kupuliza mshumaa. Kifungo kilitoweka, na Inspekta wa miaka kumi na tisa akajikuta anatabasamu mbele ya mshukiwa.

"Kingine," alisema, kisha akakumbuka kazi. "Hapana. Niambie hivi. Ukimlenga kanga kichwa, hatua tano, unaweza kumkosa?"

"Mimi siwezi. Mwingine anaweza." Fundi alishika darubini. "Hii imekaa juu ya mtutu kwa vidole viwili. Nimeisawazisha kwa hatua thelathini. Ukisogea karibu sana, jicho linaona kichwa lakini punje inatoka kule chini, haijapata nafasi ya kupanda. Inapiga vidole viwili chini. Ndiyo maana nimebandika haya." Kwenye kitako cha bunduki kulikuwa na kipande cha utepe wenye vistari vya wino: hatua tano, kumi, ishirini, na kila moja lenga juu kiasi gani. "Wenye bunduki za zamani, zisizo na darubini, hawana shida hii. Ni kosa la mtu mwenye darubini mpya, anayejifunza peke yake."

Inspekta aliomba uzi. Walirudi bandani, Sajini akashika ncha moja kwenye alama ya kiwiko, Inspekta akaupitisha pale chini ya kidevu cha kanga wa kamba, palipokatwa, akaunyoosha mpaka alipokuwa amesimama Brigedia. Uzi ulinyooka kama rula.

"Brigedia hakuwa na adui," alisema Inspekta. "Alikuwa amesimama nyuma tu. Aliyelengwa ni huyu wa kamba, kichwani, akakoswa vidole viwili."

"Ingekuwa mimi," alisema Fundi akichungulia juu ya ukuta, "mngekuta wa kamba amekufa na Brigedia mzima."

"Huo ndio utetezi wako?"

"Ndio huo, afande."

Ulikuwa utetezi mbaya kuliko wote aliowahi kuusikia, na aliuamini. Lakini mkuu wa kituo asingeuamini. Inspekta akamgeukia mwenye banda.

"Mama. Kanga mzima hafungwi kwenye nguzo. Alikuwa anamsubiri nani?"

Mama Kanga aliutazama ukuta, akaitazama mbingu. Vyote havikumsaidia.

"Mteja," alisema. "Simjui sura. Anapiga simu Jumamosi, sauti kama mtu aliyeziba pua. Ananiambia mfunge mmoja. Namfunga. Alfajiri anamchukua, anaacha hela chini ya kopo. Mwaka mzima sasa. Alinisihi nisiseme, na mimi biashara yangu ni mdomo kufunga."

"Na jana alisema nini?"

"Alisema afungwe juu ya kitu, asimame wima. Nikaona labda mgongo unamuuma, hawezi kuinama."

*

Klabu ya shabaha ilikutana Jumapili ileile saa kumi jioni, nyuma ya ghala la zamani la pamba. Fundi hakuwa mwanachama. Mwenyekiti alikuwa amemkataa.

Mwenyekiti huyu watu walimwita Jicho. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye kifua mbele, na sifa yake ilikuwa moja: kila Jumapili mchana, mezani kwake, palikuwa na kanga wa porini aliyempiga mwenyewe kwa bunduki ya kukunja mtutu. Mashemeji walikuwa wanakuja kutoka mbali kumla. Inspekta alipoisikia habari hiyo kutoka kwa Sajini, alifunga daftari. Alikwenda tu dukani kununua kiberiti.

"Ile mitungi si bunduki," Mwenyekiti alikuwa anasema Inspekta, Sajini na Fundi walipofika. "Ni jiko la gesi. Sijawahi kuigusa na siigusi. Mtu apige kwa jicho, siyo kwa mashine."

"Ni kwa ajili ya uchunguzi," alisema Inspekta kwa upole. "Kila mmoja apige mara moja. Bunduki ya Fundi, kiberiti hiki, hatua tano."

Mwalimu mstaafu alianza. Aliipokea bunduki, akaishika mtutu, akaukunja kwa goti. Fundi akafumba macho. Fundi baiskeli akafuata, akautafuta mkunjo kila mahali, akaulizia bisibisi. Wote wawili walionyeshwa wenzo ndipo wakapiga, mmoja ukutani, mmoja karibu na buli la chai alilokuwa amelishika mke wa Mwenyekiti.

Ikaja zamu ya Jicho.

Aliichukua. Akaiinamisha kidogo, akatupia jicho geji. Kidole chake kikaenda pembeni, kikavuta wenzo, kikaweka punje, kikaufunga, vyote kwa mara moja, huku macho yake yako kwenye kiberiti. Akalenga katikati. Akapiga.

Punje iliingia kwenye ubao, chini ya kiberiti. Sajini alikwenda akaweka vidole viwili katikati ya kiberiti na tundu. Vilitosha kabisa.

"Mzee," alisema Inspekta, "jiko la gesi umejifunzia wapi?"

Mwenyekiti alitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti. Na kwa kweli ilikuwa imemsaliti. Alikaa juu ya kreti.

"Iko kwenye buti la gari," alisema. "Chini ya tairi la akiba. Haina kibali."

"Endelea."

"Macho yamekwisha, Inspekta. Mwaka jana wote sikupata ndege hata mmoja. Narudi mikono mitupu, nikifika mlangoni mashemeji wamekaa. Siku moja nikanunua. Wakasifu. Nikanunua tena. Nikanunua na hiyo mpya, nikasema darubini itanirudishia jicho, niache uongo. Lakini ningemuuliza nani inavyotumika? Mwenye kujua ni mmoja, na nilimfukuza mbele ya watu."

"Na leo? Kwa nini umpige ndege uliyekwisha kumnunua?"

"Jumapili iliyopita mke wangu aliuliza mbona kanga hana tundu. Nikaona wa leo lazima awe nalo. Siku za nyuma mmoja nilijaribu kumfungulia porini nimpige huko, akaruka, hadi leo sijui alipo. Kwa hiyo nikasema nimpige akiwa amefungwa. Nikamkosa. Amefungwa na nikamkosa. Ndege wakapiga kelele, taa ikawaka, nikakimbia."

Hakuna aliyecheka, ingawa mwalimu mstaafu ilimbidi ageukie ukutani.

Mke wa Mwenyekiti aliweka buli chini.

"Baba watoto," alisema, "nimewapasua kanga wako mwaka mzima kwa mikono yangu. Wote tumbo limejaa chakula cha kuku cha dukani. Ndege gani wa porini huyo?"

"Ulijua?"

"Tangu wa pili."

"Mbona uliniuliza tundu?"

"Nilikuwa nakufungulia mlango ili useme. Gazeti unalisoma ukiwa umenyoosha mkono mzima, sukari unatia kwenye sahani. Nilingoja uniambie macho yanakusumbua, wewe unaniletea ndege." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Niliolewa na wewe, sikuolewa na shabaha yako. Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho, ukimalizana na hawa."

Inspekta aliandika maelezo, Mwenyekiti akatia sahihi, akiliweka daftari mbali na macho. Kosa la kwanza, kumiliki bunduki bila kibali. La pili, kuua mnyama wa mtu. Bunduki iliyoingia stoo ya kituo jioni ile ilitoka chini ya tairi la akiba. Ya Fundi, yenye kibali, ilirudi mfukoni mwake, na mfuko ukarudi kando ya begi.

Kabla hajapanda gari la polisi, Mwenyekiti alisimama mbele ya Fundi.

"Kwa hatua tano. Nilenge juu vidole viwili?"

"Viwili, Mwenyekiti."

"Laiti ningejua jana."

"Ukuta wetu na wa Mama Kanga ni mmoja," alisema Fundi. "Ungeniita tu ukiwa palepale. Ningetoka nikuonyeshe."

Mwenyekiti alitikisa kichwa, akainama, akaingia garini. Sajini alimfungia mlango, akamwomba Inspekta apitie kwanza dukani anunue kiberiti kingine cha kuwashia jiko la kituo, maana kile cha kwanza kilikuwa sasa ni kielelezo.