Mwai na Nyota ya Samaki

Kila asubuhi, nyumbani kwao mtaani Skuta, Ngendo alimwosha uso ndugu yake mdogo, Mwai, akampangusa usaha uliotoka masikioni, kisha akamsomea mama utabiri wa nyota ya Mwai kwenye simu. Ngendo alikuwa darasa la sita. Mwai alikuwa na miaka miwili na nusu, na hakuwa amesema hata neno moja.

"Samaki," Ngendo alisoma. "Mtoto wa nyota hii ni mpole, huwaza mengi, huchelewa kusema."

"Si unaona?" mama alisema. Mwai alipewa jina la baba yake mama, basi mama alimwita Baba. "Hata baba yangu hakuwa mtu wa maneno."

Lakini Ngendo alikuwa ameona jambo. Sufuria ikianguka, paka alikimbia, Mwai hakugeuka. Hakumwambia mama, maana simu ilikuwa imeshaeleza.

Jumamosi moja, Mwai alikuwa akichezea udongo nyuma ya pikapu ya maziwa. Dereva, Wambugu, alianza kurudi nyuma akipiga honi. Majirani walipiga mayowe. Mwai aliendelea kuchota udongo. Ngendo aliruka, akamvuta mkono. Gurudumu lilipita pale alipokuwa ameketi.

Wambugu alishuka mbio. "Ai! Kwani huyu mtoto hasikii?"

"Ni Samaki," Ngendo alijibu.

"Samaki gani? Hata samaki ukipiga maji anatoroka! Mpelekeni hospitali!"

Walikwenda na mama siku hiyo hiyo. Muuguzi, Sista Kasyoka, alimmulika Mwai masikio kwa muda mrefu.

"Mama Ngendo, usaha tutautibu. Lakini umekula ngoma za masikio, zote mbili. Anasikia kidogo sana."

"Akipona si atasikia?"

"Siwezi kukuahidi. Mngekuja usaha ulipoanza."

Mama alijifunika uso kwa leso. Mwai alimtazama, naye akaanza kulia bila kujua sababu.

"Mimi niliona hageuki," Ngendo alisema. "Sikusema."

"Nyota haijamchungulia mtoto sikioni," Sista alisema. "Wewe ulimwona. Ukiona kitu, sema, hata simu iseme vingine. Sasa mtajifunza naye lugha ya ishara. Na usimwite kutoka nyuma. Nenda mbele, akuone."

Ngendo alipiga magoti mbele ya Mwai, akangoja. Macho yao yalipokutana, alitamka jina lake polepole, na Mwai akaitazama midomo yake.