Kijitabu cha Mzee Matheka

Likizo ya Agosti ya mwaka wa 1999 Adoyo aliijua kwa mgongo wake. Asubuhi alibeba maji kutoka kwenye kioski, kwa maana mabomba ya ploti yao ya vyumba vya kupanga yalikuwa yakikohoa hewa tupu. Kisha aliosha vyombo, akafagia, na kabla jua halijapanda alikuwa amevuka Spine Road kwenda kumsaidia shangazi yake, Awiti, katika ofisi ndogo ya kuchapa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa, kati ya kinyozi na duka la mafuta taa. Ndani mlikuwa na taipureta kuukuu, kompyuta moja iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika na wengine, na printa iliyolalamika kila ilipoguswa.

Shangazi Awiti alikuwa na mikono myepesi na macho yaliyochoka. Watu wa Kayole, mtaa huo wa Nairobi, walimletea barua za kuomba kazi, kadi za harambee, mitihani ya shule za karibu na, zaidi ya yote, vijitabu vya mazishi. Alisema watu hawaachi kufa hata wakati wa likizo, wala hakusema kwa mzaha.

Adoyo alikuwa darasa la saba, na kuchapa alikujua upesi. Lakini alikuwa na tabia moja: kujibu "nimeshafanya" kabla hajafanya. Umefunga dirisha? Nimeshafunga. Umeosha vikombe? Nimeshaosha. Mara nyingi alikimbia akafanya baadaye, kabla hajagunduliwa, kwa hiyo hakuona kuwa ni uongo. Kwake ulikuwa ukweli uliochelewa tu.

Mwezi wa Juni alikuwa amekuja Muturi, kijana aliyeuza vipuri vya kompyuta mjini. Alileta programu mpya ya kuandikia aliyoitoa kwenye mtandao, akaisifu mpaka mate yakamkauka. Ilikuwa na fremu za maua, misalaba na njiwa wa kila namna, na ilikuwa ya bure. Kasoro yake ni kwamba juu ya kioo kulikuwa na ukanda wa matangazo uliometameta mchana kutwa, ukinadi magari na hoteli za nchi ambazo hakuna mtu wa Kayole aliyezijua.

Mabishano yalianza siku hiyo hiyo. Wateja waliokuwa wakingoja zamu zao walikuwa wamechoka kubishana kama kompyuta zote zitapatwa na wazimu mwaka 2000 ukiingia, kwa hiyo walifurahi kupata jambo jipya. Wengine walisema cha bure kina mwenyewe. Wengine walisema dunia inakwenda na sisi tutaachwa tukipepesa macho. Aliyekwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe ni Mzee Zedekiah, jirani aliyestaafu kazi ya reli, ambaye alikuja kila siku kusoma gazeti la wenzake.

"Kijana," alimwambia Muturi, "behewa lililopakiwa Mombasa lilifika Kisumu, kwa sababu upana wa reli ni mmoja. Hii kitu yako, kazi iliyoandikwa nayo inafunguka kwa mashine nyingine?"

"Hao wengine nao waweke hii hii, mzee. Ni ya bure, matangazo ndiyo yanalipa."

"Basi umejenga reli ya kwenda kwako peke yako," alisema Mzee Zedekiah, akarudi kwenye gazeti.

Awiti alikuwa amechoka mno kubishana. Wateja walipenda maua, naye aliwapa maua. Lakini aliweka sheria: kila kazi ihifadhiwe mara mbili. Mara moja ndani ya programu ya Muturi, na mara ya pili kwenye disketi, kile kisahani bapa cha kuwekea kazi, ikiwa maandishi matupu bila fremu wala njiwa, ambayo kompyuta yoyote ingeweza kuyasoma. Adoyo aliichukia hiyo nakala ya pili. Aliiona kama kumvua bibi harusi nguo zake ili kuona kama ana mifupa.

Ndipo Mzee Matheka alipofariki. Alikuwa mchongaji wa vinyago, mtu wa Wamunyu, aliyeishi ploti ya nyuma kwa miaka mingi. Adoyo alikua akisikia tezo lake likigonga mti kila alasiri. Ndugu wa marehemu, Mutie, alileta wasifu ulioandikwa kwa mkono, na Adoyo akauchapa wote kwa fremu nzuri ya maua ya yungiyungi. Kamati ya mazishi ilikuwa haijakubaliana ni mchungaji yupi atakayehubiri, kwa hiyo kijitabu hakikuchapishwa siku hiyo. Mutie alirudisha karatasi zake mfukoni, akatangulia Wamunyu kusimamia kuchimbwa kwa kaburi.

Jioni hiyo mgongo ulimuuma Adoyo na macho yalimwasha. Shangazi yake, akiwa amevua viatu na kuegemea ukuta, alimuuliza kama ameweka nakala ya pili.

"Nimeshaweka," alisema Adoyo. Alikusudia kuiweka asubuhi. Asubuhi alisahau.

Alhamisi mchana kamati ilileta jina la mchungaji, na Mama Mumo, mjane wa Mzee Matheka, akaja mwenyewe kungoja vijitabu, kwa sababu mwili ungechukuliwa mochari Ijumaa alfajiri kwenda Wamunyu. Alikuwa amekaa na wageni wa matanga usiku baada ya usiku, na alipoketi kwenye benchi alionekana kama mtu anayeogopa kuinuka tena. Adoyo aliwasha kompyuta. Programu ya Muturi haikufunguka. Kioo kilijaa maandishi mekundu: muda wa kuijaribu umekwisha, na anayetaka kufungua kazi zake alipe kwa kadi ya benki, Amerika.

Kumbe onyo lilikuwapo siku zote, ndani ya ule ule ukanda wa matangazo, likipita katikati ya magari na hoteli. Adoyo alikumbuka kuliona. Alidhani ni kitu kingine kinachouzwa, akafanya kama walivyozoea wote, akaelekeza macho chini yake.

Shangazi Awiti alivuta pumzi. Alisema potelea mbali maua, wachapishe ile nakala ya maandishi matupu. Adoyo akachukua sanduku la disketi, akaanza kupekua taratibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi, huku akijua fika kwamba sindano yenyewe hakuitia humo. Alitoa disketi yenye jina la Matheka na kuisukuma kwenye mashine. Humo mlikuwa na nakala ya kwanza tu, ile ya programu ya Muturi, iliyofungwa.

"Labda vumbi limeingia," alisema shangazi yake. Vumbi la Kayole liliua disketi nyingi. "Limeingia?"

Kwa swali hilo mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi. Adoyo aliinamisha kichwa, na kichwa kikasema ndiyo.

Awiti alimtuma akajaribu kwa Yonis, aliyekuwa na kompyuta nzuri zaidi ng'ambo ya barabara, katika duka la simu na fotokopi. Yonis alikuwa na watu wengi, lakini aliposikia ni habari ya msiba aliwaomba wamvumilie. Aliingiza disketi, akaipima, akaifungua. Kioo kilijaa alama zisizosomeka, vijiti na viboksi, na jina la Matheka halikuwamo popote.

"Disketi yako haina ugonjwa hata kidogo," alisema kwa upole. "Kazi yenyewe ndiyo imefungiwa. Hamkuweka ya kawaida?"

Adoyo alirudi akiwa ameibana disketi kiganjani. Angeweza kusema kwamba hata kwa Yonis imekataa, na kusema hivyo kungekuwa kweli. Angeweza kumwachia Muturi lawama zote, na nusu ya hizo zilikuwa zake kwa haki. Lakini kupitia mlangoni alimwona Mama Mumo akiwa amefumba macho, mikono imelala mapajani, kama mtu aliyeweka tumaini lake lote kwenye mlango ule. Aibu ilimpanda Adoyo mpaka masikioni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia katikati ya Spine Road.

"Shangazi, disketi haina kasoro," alisema alipoingia. "Sikuweka nakala ya pili. Nilisema nimeweka, na sikuwa nimeweka. Nimekosa. Nisamehe, Mama Mumo."

Mzee Zedekiah alishusha gazeti. Awiti alimtazama mjane, akafunga sanduku la disketi. Kama angepiga kelele ingekuwa afadhali.

"Nilimsimulia shemeji yangu yote," alisema Mama Mumo hatimaye. "Nikalia, nikamaliza. Sikudhani nitasimulia tena." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Keti, mwanangu. Andika."

Adoyo aliketi. Awiti alimwonyesha programu ya zamani ya kuandikia, ile isiyojua kupamba kitu. Mama Mumo akaanza, polepole, akisimama kila mara kama anayepanda ngazi na mzigo. Alisema mumewe alizaliwa Wamunyu, akafundishwa kuchonga na baba yake, akaja Nairobi akiwa na tezo na shati moja. Mzee Zedekiah aliongeza mwaka aliohamia ploti, kwani ndiye aliyemsaidia kubeba kitanda. Kisha Mama Mumo alisema mambo ambayo hayakuwamo katika karatasi za Mutie. Wachongaji wengine walimwanza twiga miguuni, lakini Matheka alimwanza masikioni, akisema kichwa kikikosewa miguu haina kazi. Twiga wa kwanza wa mwanawe Mumo alitoka amepinda shingo. Mtalii alimtaka, Matheka akakataa kumuuza, akamweka juu ya redio, na yuko hapo mpaka leo.

Adoyo alichapa huku machozi yakimdondokea mikononi. Alitamani ainuke atoroke, lakini kila alipopunguza mwendo sauti ile iliyochoka ilimngoja. Alijua kwamba kila neno hilo mama huyu analilipia upya, na ni yeye aliyemfanya alipe.

Walipofika kwenye watoto, Adoyo alikumbuka majina kutoka karatasi za kwanza, akaandika Mumo na Mutheu bila kuuliza.

"Anza na Mulwa," alisema Mama Mumo.

Awiti aliinua macho. Hakuna aliyewahi kumsikia Mulwa.

"Alikuwa wa kwanza. Alikufa hajajua kutembea. Shemeji alisema si lazima aandikwe, na siku ile sikuwa na nguvu za kukataa." Alimtazama Adoyo. "Leo nasema ni lazima. Babake alimchongea kiti."

Adoyo aliandika Mulwa juu ya wenzake. Hakuambiwa la kufanya baadaye. Alihifadhi kazi kwenye mashine, akaihifadhi kwenye disketi mpya, kisha akavuka tena barabara na kumwomba Yonis aifungue. Jina la Matheka lilitokea palepale, na la Mulwa nalo. Alirudi mbio, na printa ikaanza kulalamika.

Vijitabu vilitoka bila ua hata moja. Adoyo alivikunja na Awiti akavibana. Mama Mumo alichukua cha kwanza, akapitisha kidole ukurasani mpaka kilipofika kwenye jina la mwanawe wa kwanza, kikatulia hapo. Alisema marehemu hakupenda maua ya kuchora, alipenda mti. Kisha akaomba na ile disketi.

"Nikitaka kukisoma tena nitaweza, hata bila ninyi?"

"Utaweza," alisema Adoyo. "Kwa mashine yoyote."

Mama Mumo aliifunga kwenye pindo la leso, akaaga, na Mzee Zedekiah akambebea vijitabu mpaka nyumbani.

Walipobaki wawili, Adoyo alingoja kugombezwa. Shangazi yake alikuwa amekaa, viatu vimevuliwa, akisugua miguu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilipokea kitu cha bure bila kuuliza kinakula nini. Maneno ya watu si mali yetu, Adoyo. Wanatuachia tuyashike kidogo. Tukiyaweka mahali ambapo mwenyewe hawezi kuyafungua bila ruhusa ya mtu wa mbali, tumemwibia hata kama hatukukusudia. Zedekiah alituambia, tukampuuza. Hiyo programu itoke kesho."

"Ndiyo, shangazi."

"La pili ni lako. Kazi kukushinda si dhambi. Ungeniambia jioni ile kwamba umechoka, ningeinuka niiweke mimi, na yule mama asingemzika mumewe mara mbili. Neno 'nimeshafanya' watu hulilalia, wakapata usingizi. Usilitoe mpaka liwe kweli. Ila leo ulirudi ukasema bila kuvutwa sikio, na hilo nimeliona."

Adoyo aliitikia kwa kichwa. Nje wauza mboga walikuwa wakiwasha taa zao za koroboi, na tezo lililozoeleka kugonga saa hizo halikusikika. Awiti aliegemea ukuta na kufumba macho.

"Umeosha vikombe?" aliuliza, nusu usingizini.

Jibu la siku zote lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Bado, shangazi," alisema Adoyo, akainuka kwenda kuviosha.