Mama Mkwe Akipita

Jua likiwa utosini, Mama Mkwe aliingia Barabara ya Kati na kuanza kunyanyua magari.

Aliyapanga kama mtu anayepanga sufuria kabatini. Mikono yake ya sumaku ilishuka, ikashika paa la teksi, ikaipandisha juu ya lori la saruji lililokuwa pembeni. Ikashika gari la mikate, ikalipandisha juu ya basi. Kushoto na kulia ukajengeka ukuta wa magari yaliyopandana, na katikati ukabaki uwazi mwembamba ulioitwa mpenyo. Mpenyo ulitembea pamoja na mtambo: mbele kichwa kinafungua, nyuma mkia unafunga na kuyarudisha magari yote chini palepale yalipokuwa, wenyewe wakiwa ndani, wameshikilia usukani na kutukana.

Serikalini uliitwa Mtambo wa Kupasua Foleni. Watu wa jiji la Jiwekuu walikuwa na jina lao. Kwao mwanamume akikutana na mama mkwe wake njiani huacha njia, hata kama pembeni ni miiba, mpaka mama apite. Basi wakauita mtambo Mama Mkwe, wakacheka sana, na jina likaganda.

Injinia Kabula Masalu, aliyeubuni, hakuwa mtu wa kucheka. Alisimama mbele ya kioo kikubwa katika chumba cha uongozi cha Idara ya Mwendo, akiutazama mtambo wake kupitia jicho la angani, kamera iliyoelea juu ya jiji kama mwewe.

Jiwekuu haikuwa na barabara ya kasi. Mji ulibanwa kati ya majabali na ziwa, na kila wataalamu walipokuja na ramani ya kuupasua katikati, mstari wao ulipita juu ya soko au juu ya makaburi. Watu wakakataa. Wakabaki na makaburi yao na foleni yao, na foleni ikaanza kuwaongezea makaburi.

Mama yake Kabula alifia kwenye foleni hiyo, ndani ya gari la wagonjwa. Si kwamba hawakupishwa. Walipishwa vizuri tu, ila kila walipopishwa wajanja walichomoka pembeni wakaunga tela nyuma yao, kisha wakawapita na kuziba mbele. Kabula alikuwa ameishika miguu ya mama yake ikipoa. Tangu hapo aliwachukia waunga tela chuki ya wazi, asiyojisumbua kuificha.

Ndiyo maana aliuwekea mkia wa mtambo taya. Gari la dharura lilipewa kibali-mwanga, alama ya mwanga inayosomwa na mtambo, kabla ya kuingia kwenye mpenyo. Lisilo nacho likikutwa humo, king'ora kililia, dereva akatakiwa kushuka na kukimbilia mbele, kisha taya zikalikunja gari lake kama karatasi. Watu walishakufa humo. Kila mara Idara ilitangaza kwamba marehemu alikaidi kushuka, na Kabula aliamini, maana yeye mwenyewe aliona kutoka juu: paa la gari, halafu taya, na hakuna aliyetoka. Alijiuliza ni ubishi gani huo unaoishinda hamu ya mtu ya kuishi.

Simu yake ikaita. Alikuwa Lufungulo, mume wa mdogo wake.

"Shemeji, hali ya Nyamizi si nzuri. Uchungu umeanza na damu inatoka nyingi mno. Gari la wagonjwa limemchukua, wanampeleka Hospitali ya Ng'ambo."

"Nawaona. Mama Mkwe anawafungulia njia sasa hivi, usiogope. Wewe uko wapi?"

"Niko nyuma yao na mdogo wangu Mayala."

"Lufungulo, usiingie kwenye mpenyo. Tembea kwa miguu, panda pikipiki, fanya lolote, ila usiingie!"

"Shemeji, mgonjwa aende hospitali kama hana watu? Halafu daktari alishasema—"

"Najua wanavyosema madaktari! Nakwambia simama!"

Simu ikakatika. Hapo ndipo bingwa wetu Kabula alipokosea. Alikuwa amemwingiza kwenye hesabu zake kila mjanja wa jiji, akasahau kwamba Jiwekuu hakuna mgonjwa anayepelekwa hospitali bila ndugu kumfuata nyuma, na chupa ya uji, na kanga za akiba.

"Injinia, kuna tela," akasema Sosthenes, mwongozaji wa mtambo, aliyeketi mbele ya vitufe. "Gari jeupe nyuma ya gari la wagonjwa. Halina kibali."

"Lipe kibali."

"Likishaingia haiwezekani. Ulizuia mwenyewe, watu wasije wakanunua vibali njiani."

"Basi simamisha mkia."

Sosthenes akageuka kumtazama. "Mkia ukisimama, kichwa kinasimama, na sumaku zinaachia. Magari yote yatashuka kwenye mpenyo. Na mgonjwa yuko humo humo."

Kabula akavuta kipaza sauti. Sauti yake ikatoka kinywani mwa mtambo, ikajaa barabara nzima. "Lufungulo! Ni mimi, Kabula! Shukeni! Acheni gari mkimbilie mbele!"

Paa jeupe liliendelea kutambaa nyuma ya gari la wagonjwa. King'ora kikalia. Hakuna aliyetoka.

"Kwa nini hawashuki?"

"Huwa hawashuki, Injinia," Sosthenes akasema kwa sauti ya chini.

"Lishushe jicho. Lilete chini, usawa wa watu."

Hawakuwahi kulishusha. Ukiwa juu unaiona foleni yote, na foleni ndiyo waliyoajiriwa kuitazama. Jicho lilishuka kati ya kuta mbili za magari, na Kabula akamwona shemeji yake kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lufungulo alikuwa akiusukuma mlango kwa bega. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukagonga ubavu wa basi. Akausukuma tena, ukagonga tena. Upande wa pili Mayala alikuwa akiupiga wake kwa mateke, nao ukagonga lori.

Meya alipolalamika kwamba mtambo unakula barabara nzima, Kabula ndiye aliyeupunguza mpenyo. Alipima upana wa gari la wagonjwa akaongeza kidogo. Hakupima gari likiwa na mlango wazi. Sasa akawakumbuka wale wakaidi wote aliowaona kutoka juu.

Lufungulo alikuwa akikipiga kioo cha mbele kwa chupa ya uji. Taya zilikuwa zimefika kwenye buti.

"Injinia, kauli yako," Sosthenes akasema, jasho likimtiririka. "Nisimamishe au niendelee?"

Mbele ya gari la wagonjwa lilikuwa limeshaonekana geti la Hospitali ya Ng'ambo. Kabula akamwona mama yake, miguu ile.

"Endelea," akasema.

Alikuwa amesahau kwamba kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Neno lile lilitoka kinywani mwa Mama Mkwe, na barabara nzima ikalisikia.

Kioo cha mbele kilivunjika. Lufungulo alimkamata mdogo wake kiunoni akamsukumia nje, juu ya boneti. Taya zikafunga. Buti likaingia kwenye viti, viti vikaingia kwenye usukani, na chuma kikalia mlio ambao waliousikia hawakutaka kuusimulia. Mayala alitoka amening'inia kwa mkono uliobanwa, akapiga kelele mpaka mfupa ulipovunjika ndipo akaanguka barabarani. Lufungulo hakupiga kelele hata kidogo. Damu ilichuruzika kutoka kwenye lile donge jeupe ikaifuata lami.

Gari la wagonjwa likaingia getini.

Jiji likalipuka. Magari yaliyorudishwa chini yalifunguka milango, watu wakatoka na jeki, spana, mawe ya kuzuilia matairi. Waliivunja mikono ya sumaku kwa nyundo. Waliukata mkia ukiwa bado unajikunjakunja. Mtu akaleta dumu la mafuta, na Mama Mkwe akawaka moto katikati ya barabara aliyoitawala, moshi mweusi ukapanda hadi madirisha ya Idara.

Simu ikaita tena.

"Wewe ni dada yake Nyamizi?" Ilikuwa sauti ya daktari wa kike, mwenye haraka. "Mtoto tumemtoa, mzima. Mama yake amepoteza damu nyingi na kundi lake ni adimu, stoo hatuna. Mumewe tulimpima kliniki, damu zao zinaoana. Tulimwambia siku ikifika alifuate gari nyumanyuma, asibanduke. Mbona hajafika?"

Kabula akasema, "Mimi na mdogo wangu ni kundi moja."

"Basi njoo upesi. Upesi, dada."

Sosthenes alikuwa amesikia. "Gereji kuna Mama Mkwe wa pili. Ingia garini, nikupitishe."

Kwenye kioo watu walikuwa wameziba barabara, wakilivuta lile donge jeupe kwa mikono mitupu, wengine wakilia.

"Katikati ya hao?" Kabula akauliza. "Mzime huyo wa gereji. Ukishamzima, kata nyaya zake."

Akashuka ngazi mbio, akakimbia kati ya magari, akakanyaga vioo. Koti la rangi ya machungwa la Idara lilikuwa bado mwilini.

"Huyo! Wa Idara huyo!"

"Sema endelea tukusikie!"

Alipofungua kinywa kuwaomba wampishe, wakaitambua sauti. Jiwe la kwanza lilimpata juu ya jicho. La pili lilimwangusha. Teke likaingia mbavuni, jingine mgongoni, na damu aliyokuwa akiipeleka hospitali ikaanza kumwagikia usoni. Kabula alikiziba kidonda kwa viganja vyote viwili. Hakujikinga kichwa, hakujikinga tumbo. Alikiziba kile kidonda tu.

"Muacheni!"

Mayala alikuwa amesimama juu yake, mkono mmoja umefungwa shati, uso umekuwa kijivu. "Damu mnayoimwaga ni ya mke wa kaka yangu. Muacheni aipeleke."

Watu wakarudi nyuma. Walitembea wawili wale, huyu akimshikilia huyu, na njia ikafunguka mbele yao bila mtambo. Karibu na geti Mayala akauliza, "Dada, uliona tukiigonga milango?"

"Niliona."

"Ulipoona ndipo ukasema lile neno?"

"Ndiyo."

Wakaingia getini.

Nyamizi alizinduka akamkuta dada yake kwenye kiti kando ya kitanda, kichwa kimefungwa bandeji. Mfuko wa damu ulining'inia juu, na mpira mwembamba ulishuka kutoka mfukoni hadi mkononi mwa Nyamizi.

"Mwambieni Lufungulo aingie amwone mwanawe," akasema kwa sauti iliyokauka. "Yuko nje, si ndiyo? Nilimwona kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa nyuma yangu njia nzima."

Kabula alimtazama Mayala, aliyelala kitanda cha pili. Mayala akageukia ukutani.

Angeweza kudanganya mpaka kesho. Hakudanganya. Alisimulia kuhusu gari jeupe, kuhusu milango, kuhusu neno alilolisema na sababu ya kulisema. Nyamizi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua macho kwenye ule mfuko.

"Hiyo ni damu ya nani?" akauliza.

"Yangu."

Nyamizi akapeleka mkono kwenye mpira ili aung'oe. Kabula aliudaka mkono ule, akaukandamiza kitandani kwa nguvu zake zote, mdogo wake akipiga mayowe na kumtemea mate usoni. Hakumwachia. Alimshikilia hivyohivyo, na damu ikaendelea kushuka.